Zahanati zirudi Wizara ya Afya? Mimi nasema zibaki halmashauri

Wadau, hoja hii haiishi: zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zitoke TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia halmashauri hapa Tanzania, ziende Wizara ya Afya, kama zilivyohamishwa hospitali za rufaa za mikoa mwaka 2017. Wanaoitetea wanasema Mganga Mkuu wa Wilaya ana mabosi wawili. Miongozo ya tiba inatoka wizarani, lakini anawajibika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye madawati na barabara navyo vinamsubiri mezani. Hilo ni kweli, silibishii.

Ila suluhisho lao silikubali. Hospitali ya mkoa inahitaji madaktari bingwa, na wizara ndiyo inayojua kuwapanga. Zahanati ya kijiji kazi yake ni chanjo, kliniki ya wajawazito, malaria, kuhara. Ili ifanye kazi inataka maji, njia inayopitika na nyumba ya muuguzi, na hayo yanapiganiwa kwenye mkutano wa kijiji na baraza la madiwani. Na kuendesha mambo bila halmashauri tulishajaribu: tulizifuta mwaka 1972, tukalazimika kuzirudisha kwa sheria za 1982.

Twende kituoni tuone kinachokwamisha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Hatua kubwa sana ile, naiunga mkono kwa moyo wote. Sasa dawa imeisha. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anaagiza MSD, bohari ya dawa ya serikali, nao hawana. Anaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kufika nchi nzima 2018. Lakini kwanza kamati ya kituo ikae, muhtasari usainiwe, vibali vipatikane, malipo yaingizwe kwenye mfumo. Zahanati nyingi hazina mhasibu, kwa hiyo anayehangaika na makaratasi hayo ni mganga huyo huyo au muuguzi wake, huku akina mama wenye watoto wamejaa benchi wakisubiri kuonwa. Kubadilisha jina la wizara juu ya barua kutampunguzia nini?

Watumishi ndiyo kabisa. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi, ofisi ya Rais inayoshughulikia watumishi wa umma, kwa hiyo ukihamishia Afya bado utapiga foleni mlango ule ule.

Ninachotaka mimi: kila kata ipate mhasibu mmoja wa kuzungukia vituo vyake, na Mganga Mkuu wa Mkoa awe na kauli yenye nguvu kabla Mkurugenzi hajamhamisha mtumishi wa afya. Kamati za vituo nazo zifundishwe kusoma hesabu, maana pesa wanazosimamia ni zao.

Mnaotaka uhamisho, nijibuni hili moja. Leo dawa zikikosekana, mwanakijiji anambana diwani wake, tena kwa jina, na miaka mitano ikiisha anamnyima kura. Zahanati ikiwa ya wizara, atambana nani?