MREJESHO: Ule ukucha uliokuwa unakuwa mweusi kila nikikimbia

Wakuu, niliwauliza kuhusu ukucha wa dole gumba la mguu kuwa mweusi kila nikikimbia mbali, hasa kwenye mteremko. Asanteni sana jamani, mmenisaidia mno.

Kumbe ni damu imevilia chini ya ukucha, kidole kinagonga mbele ya raba kila hatua. Nilitoa ile soli ya ndani nikasimama juu yake, kidole kimefika ukingoni kabisa, na alama yake imechimbika pale mbele! Nikachukua saizi kubwa zaidi, nimeenda kupima jioni maana miguu inavimba, sasa mbele inabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Aliyeniambia kuhusu kamba ubarikiwe sana. Lile tundu la juu kabisa unapitisha kamba upande uleule kinabaki kitanzi, halafu ncha unaivusha kwenye kitanzi cha upande wa pili unakaza, yaani kisigino kinatulia mguu hautelezi mbele ukishuka.

Kucha nakata fupi na zimenyooka, pembeni sichimbi.

Ule wa zamani umetoka wenyewe wiki iliyopita, sikuuvuta. Chini kuna mpya, mwembamba kama karatasi, unapanda taratibu, na kujaa wote ni kama mwaka mpaka mwaka na nusu. Ila ndugu zangu, kama weusi wako hausogei mbele jinsi ukucha unavyokua, au hukujigonga popote, nenda kwa daktari auangalie.