Jibu kwenye listi ya meili liende kwa aliyeandika au kwa wote?

Swali
Wakuu habari, nimekabidhiwa listi ya meili ya kikundi chetu cha kusaidiana mambo ya programu, ipo kwenye Mailman, programu ya kuendesha listi za meili. Sasa hivi mtu akibonyeza kujibu, meili inaenda kwa aliyeuliza peke yake, na wanachama kibao wanataka niibadilishe iende kwa listi nzima. Mwenye uzoefu anisaidie, na sababu tafadhali.

Jibu 1
Mkuu iache hivyohivyo, hata Mailman difolti yake ni hiyo. We angalia hasara ya kukosea tu, jibu la wote likimfikia mtu mmoja unalituma tena yameisha, ila la siri likishaenda kwa wote hulirudishi. Listi moja niliyokuwemo jamaa alimjibu rafiki yake kuhusu kazi mpya anayoomba na mshahara anaoutaka, na bosi wake yumo humohumo. Halafu kuna wanaoweka Reply-To yao wenyewe, yaani anwani majibu yanakotakiwa kwenda, kwa sababu anwani wanayotumia kutuma haipokei meili, listi ikiifuta na kuweka ya kwake huyo mtu humpati tena.

Jibu 2
La siri kuvuja nakubali, lakini listi ya kusaidiana ni kitu kingine bana. Mtu anauliza, anajibiwa pembeni, baadae mwingine anapekua kumbukumbu za listi anakuta maswali matupu, anauliza lilelile, na wale waliojua jibu washachoka. Na hiyo Reply-To ya mtu si lazima ifutwe, Mailman ina setingi ya kuiacha na kuongeza ya listi pembeni yake. Kwa listi ya kamati ndo nisingethubutu.

Jibu 3
Tangu RFC 2369 ya mwaka 1998, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, listi zinaweza kuweka heda (mstari wa maelezo mwanzoni mwa meili) ya List-Post yenye anwani ya listi, na programu za meili kama Thunderbird na Mutt zinaisoma, zina sehemu ya kujibu listi tu, mbali na kujibu mtu au kujibu wote. Shida programu nyingi za simu hazina hiyo, mtu anabonyeza cha kwanza anachokiona. Uliza watu wako wanatumia nini kabla hujagusa kitu.

Muuliza swali
Asanteni sana. Wengi wetu tunatumia simu na humu hakuna siri za kamati, kwa hiyo naiweka kwa listi, Reply-To za watu sizigusi, na nawatangazia wote kabla sijaiwasha.