Sisi tunaoandika kuhusu fedha binafsi: mradi gani wa pembeni unalipa Nairobi?

Karani_Kasarani (mwanzilishi wa mada)

Habari zenu wanajukwaa. Wengi wetu tunaandika kuhusu pesa usiku baada ya kazi: bajeti, mikopo ya simu, sacco, MMF (mifuko ya soko la fedha). Wasomaji wanaongezeka na maswali yao pia, lakini matangazo hayatoshi hata kununua bando. Nataka kuongeza mradi mmoja tu, na napima njia nne: kuuza jedwali la bajeti, podikasti, kitabu pepe, au kufundisha vyama vya akiba wikendi.

Jedwali unalitengeneza mara moja, ukaliuza mara nyingi. Tatizo ni kwamba mtu mmoja akilinunua, kesho liko kwenye WhatsApp ya ukoo mzima. Podikasti inajenga jina ila hela yake huchelewa. Kitabu sijakifikiria sana. Chama kinalipa siku hiyohiyo, ila Jumamosi yako imekwenda. Nimeajiriwa, na muda nilio nao ni saa chache za usiku na Jumamosi mbili kwa mwezi. Mliojaribu, nielezeni.

MamaHesabu_Umoja

Chama, bila kusita. Kina mama wa chama wanakutana tayari, wana mweka hazina, na wana shida yenye jina: mmoja amekopa hajalipa, au hawajui akiba ikae wapi. Hutafuti mteja mmoja mmoja.

Toza chama kizima kiasi kimoja. Ukitoza kwa kichwa, watawatuma wawili waje wawasimulie wenzao. Halafu usiende na hotuba, omba daftari lao. Mimi huanza na mikopo yao ya ndani: ukimkopesha mwenzako 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mkopo ukakaa mwaka bila kupunguzwa, riba peke yake ni 12,000. Wengi wameishi na riba hiyo bila kuipigia hesabu ya mwaka. Ukumbi hunyamaza, kisha maswali huanza, na saa mbili hazitoshi.

Sauti_ya_Rongai

Dada, nakubali chama kinalipa, lakini wanakupataje? Mimi vyama vinanipigia kwa sababu mtu amesikiliza podikasti yangu akiwa ndani ya matatu, foleni imeshika.

Karani, ukiingia YouTube kwa ajili ya matangazo, jua masharti. Ili upate mgao wa matangazo ya video za kawaida unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na Google haikutumii hela mpaka salio lifike dola 100. Kwa mtu wa saa chache za usiku huo ni mlima. Ichukue sauti kama mlango wa kuingilia, mapato yatoke kwingine. Vifaa visikutishe: simu, chumba cha kulala na kabati la nguo likiwa wazi ili nguo zimeze mwangwi.

Mhasibu_UpperHill

Kabla hujachagua tazama kodi, kwa sababu njia hizi hazitozwi sawa na watu humu hawalizungumzi.

Wewe umeajiriwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, mapato yanayozidi 32,333 kwa mwezi yanaingia kwenye kodi ya asilimia 30. Faida ya mradi wako inajumlishwa na mshahara kwenye ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni 30 Juni. Kwa hiyo ukipanga bei, theluthi moja hivi ihesabu si yako.

Kodi ya mauzo ya asilimia 3, kiwango kilichowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ni ya biashara yenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mauzo ya majedwali yakikua yanaweza kuingia humo. Ada za mafunzo haziingii, hata ukifundisha vyama vyote vya Eastlands. Na kampuni ya hapa nchini ikikulipa kwa maudhui ya mtandaoni, inatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya mapato. Dai cheti cha makato hayo, maana yanapunguza kodi yako ya mwisho wa mwaka.

La pili ni zito zaidi. Kueleza MMF inavyofanya kazi ni elimu. Kumwambia mtu, kwa malipo, anunue hisa fulani ni ushauri wa uwekezaji, na hiyo ni kazi ya mwenye leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Vyama vitakusukuma: "Mwalimu, tuambie tu tuweke wapi." Wafundishe kulinganisha ada na kuangalia kama mfuko umeidhinishwa, kisha waamue wenyewe. Na pesa zao zisipite kwenye simu yako hata kwa dakika moja.

DadaBajeti_Kayole

Mhasibu, asante, hilo la leseni lilihitaji kusemwa.

Kuhusu jedwali: wateja wangu wengi wana simu tu, na jedwali la safu kumi na mbili kwenye kioo kidogo halisomeki. Kinachonunuliwa kwangu ni daftari la karatasi, linachapishwa River Road. Tena si la mwezi. Fundi na muuza mboga wanapata hela kila siku, kwa hiyo ukurasa ni wa siku: iliyoingia, iliyotoka, iliyowekwa. Sisi tunaoandika kuhusu fedha tunamwandikia sana mtu wa mshahara wa tarehe 30, na Nairobi imejaa watu ambao tarehe 30 haiwaletei chochote isipokuwa kodi ya nyumba. Hili linaniuma kweli.

Msomaji_wa_Banda

Kitabu: ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, unaipata kwa huduma ya maktaba ya taifa, hakimiliki unaisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki. Usijaze viwango vya kodi wala ada za simu ndani, vitapitwa na wakati kabla hujamaliza kuuza.

Karani_Kasarani

Nimeelewa. Podikasti na kitabu naviacha. Nitafundisha vyama Jumamosi mbili, na daftari la siku nitaliandaa usiku ili kila chama kiondoke nalo. MamaHesabu, bei ya daftari niiweke ndani ya ada ya mafunzo?

Mhasibu_UpperHill

Tenganisha. Risiti moja ya mafunzo, nyingine ya daftari. Na usome mkataba wako wa ajira, mingine inataka idhini ya mwajiri kabla ya kazi yoyote ya nje. Omba kwa barua.

MamaHesabu_Umoja

Na kwangu pia tenganisha, kwa sababu wapo watakaotaka daftari la pili la binti zao. Kuna chama Pipeline kimeniomba na ratiba yangu imejaa. Wanakutana Jumamosi saa nane mchana, na mweka hazina wao anaandika kila kitu. Ukishapata idhini kazini niandikie inbox nikuunganishe naye.