Djimon Hounsou: kuna muvi yoyote ambayo hakamatwi?

Mwana wa Makongolosi
Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mzee wangu, kaja kutoka Chunya. Kachimba dhahabu zaidi ya miaka ishirini, sasa kifua hakimruhusu tena kushuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo. Baridi hii ya Juni hatoki nje jua likishazama, kwa hiyo tunajifunika blanketi tunaangalia muvi.

Tulianza na Blood Diamond. Pale Solomon Vandy, ndiye mwigizaji Djimon Hounsou, mateka wa waasi anayechimbishwa, anapoiokota ile almasi mtoni, akaomba kwenda kujisaidia huku kaibana kwenye vidole vya mguu, mzee aliacha kutafuna mahindi. Nikaona blanketi linacheza miguuni pake: na yeye anabana vidole! Akasema taratibu, "Ukiiona, usiitazame mara mbili." Hajawahi kunisimulia habari hizo, nami sikumuuliza.

Tangu siku hiyo Hounsou anaitwa "yule mwenzetu". Tukaangalia Amistad, humo ni Cinque, mtu wa kabila la Wamende wa Sierra Leone aliyetekwa utumwani, anachomoa msumari ubaoni kwa kucha mpaka damu inatoka. Jana Gladiator, Juba, mtumwa tena. Mzee akanigeukia: "Huyu kijana hana hata moja anayolala kwake?" Nilikosa jibu. Naombeni majina.

Kihesa Juu
Mtafutie Beauty Shop ya 2005. Humo ni Joe, fundi umeme, anapiga piano, anampenda Queen Latifah mwenye saluni naye anapendwa. Hakuna anayemfukuza.

Dada wa Mafinga
Kuna In America ya 2003. Ni Mateo, mchoraji, ana chumba chake kwenye jengo chakavu New York, na watoto wawili wa familia ya Ireland wanamgongea mlango mpaka anafungua. Hiyo ndiyo iliyomtia kwenye orodha ya Oscar mara ya kwanza, kabla ya Blood Diamond. Ila kaka, Mateo ana UKIMWI na anadhoofika mbele ya macho yako. Kwa mzee mwenye shida ya kifua, mimi nisingeiweka usiku.

Mnyaki wa Tukuyu
Shikamoo kwa mzee. Swali lake limenigusa, maana Hounsou mwenyewe aliwahi kulala nje. Kazaliwa Cotonou, Benin, 1964, akapelekwa Ufaransa akiwa mdogo, akakosa makazi Paris kabla ya kamera kumwona.

Lakini mrudishe mzee mwishoni mwa Blood Diamond, mtoto wake Dia, waliyemfanya askari wa waasi, anapomwelekezea bunduki. Solomon hamnyang'anyi, wala hapigi kelele. Anamtajia jina lake, shule, mpira, na mama anayemsubiri na ndizi na mchuzi wa mawese. Mimi nimekulia kwenye ndizi, na mawese yanatoka hapo Kyela. Niliisimamisha nikampigia mama simu saa nne usiku. Waigizaji wengi pale wangelia kwanza ndipo waseme. Yeye anasema kwanza, machozi yanafuata nyuma.

Mwana wa Makongolosi
Asanteni sana. Dada, nimekuelewa, ya Mateo tutaiangalia mchana. Beauty Shop nimeipata kwa jamaa wa muvi pale Kabwe, akaniwekea kwenye flashi. Mzee alipomwona Joe na kazi yake ya umeme, alivuta blanketi hadi kidevuni akasema, "Haya. Leo kapata kazi ya juu ya ardhi."