Kuchanganya silaha za modi mbili katika Doom: kupakia pamoja, kuandika kiraka, au kuunganisha mafaili?

Korido_ya_Phobos

Nawasalimu wote. Nacheza Doom II, ule mchezo wa kompyuta wa kupiga mazimwi risasi, kwa injini ya GZDoom (programu inayouendesha), na nina modi mbili za silaha, yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji, ambazo sitaki kuacha hata moja. Ya kwanza, ambayo hapa nitaiita Modi A, ina bunduki za kijeshi zenye vikasha vya risasi vinavyobadilishwa. Ya pili, Modi B, ina silaha za kubuni, zikiwamo bunduki ya plazma yenye mitutu mitatu na upinde wa moto. Nataka nikitembea katika ramani moja niokote za upande huu na za upande ule. Nimejaribu njia tatu, na ninazieleza hapa ili mnisahihishe.

Njia ya kwanza ni kuyapakia mafaili yote mawili pamoja na kuiachia injini iamue. Haihitaji ujuzi wowote, ila kila modi inadai kwamba silaha yake ndiyo inayochukua mahali pa bunduki ya marisau, na injini humsikiliza aliyesema mwisho. Kwa hiyo sikupata mchanganyiko. Nilipata Modi B yenye mabaki ya Modi A. Kilichonichekesha ni picha. Spraiti za Doom, yaani picha bapa za vitu na silaha, hutambulika kwa herufi nne, na bunduki ya marisau iliyo mkononi huitwa SHTG. Modi A ina fremu (picha za hatua za mwendo) nyingi za SHTG kuliko Modi B, hivyo nilipojipa bunduki ya A kwa amri ya konsoli, yaani kisanduku cha kuandikia amri ndani ya mchezo, na kufyatua, fremu nne za kwanza zilionyesha mkono mtupu wa B ulioshika chuma chekundu, kisha kuanzia ya tano mkono ukavaa glavu nyeusi na bunduki ikawa nyingine kabisa, halafu ikarudi ile ya kwanza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Njia ya pili ni kuandika kiraka, yaani faili dogo la tatu linalopakiwa mwisho na kuiambia injini ichague silaha kwa bahati nasibu. Nimeandika hiki:

actor MarisauMchanganyiko : RandomSpawner replaces Shotgun
{
    DropItem "BundukiA", 255, 3
    DropItem "BundukiB", 255, 1
}

Tarakimu ya mwisho ni uzito, kwa hiyo kila bunduki nne zinazotokea, kwa wastani tatu ni za A na moja ni ya B. Kiraka kinafanya kazi, lakini picha bado zinagongana.

Njia ya tatu ni kuyafungua mafaili yote kwa kihariri cha SLADE, kubadili majina ya spraiti na sauti zinazogongana, na kutengeneza PK3 (faili la kifurushi cha modi) moja ya kwangu. Ni kazi ya majuma, ila naona ndiyo safi kuliko zote. Nauliza kabla sijaianza: mnaonaje?

Risasi_Saba

Kaka, umeeleza vizuri mambo yanayoonekana kwa macho, lakini tatizo kubwa hujalitaja, nalo litakukuta katika njia zote tatu. Tatizo hilo ni risasi.

Tuseme bunduki za Modi A zinatumia risasi za kawaida za Doom, ambazo ndani ya mchezo zinaitwa Clip, na Modi B imeleta risasi zake, tuseme betri, ambazo zinachukua mahali pa Clip. Neno «replaces» hubadilisha kile kinachotokea kwenye ramani tu. Halibadilishi kile ambacho bunduki inakihitaji. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya A bado inadai Clip, ilhali hakuna Clip hata moja itakayotokea katika ramani nzima, kwa kuwa kila mahali ilipopaswa kuwapo pamekaliwa na betri za B. Utaokota bunduki nzuri, utafyatua zile ilizokuja nazo, na baada ya hapo itakuwa rungu. Mimi nilicheza ramani tatu nikidhani mtengenezaji wa ramani ni bahili, mpaka nilipoingia kwenye konsoli, nikajipa Clip kwa mkono, na bunduki ikafufuka papo hapo.

Ushauri wangu ni kwamba kabla hujagusa bunduki yoyote, chukua karatasi, uandike kila silaha inakula nini, na kila kitu cha kuokota kwenye ramani kinageuka kuwa nini. Doom ina aina nne tu za risasi: za bastola na bunduki ya mitutu inayozunguka, ambazo mwisho wake ni 200, marisau 50, roketi 50, na seli za nishati 300, na ukipata begi kila kiwango huongezeka mara mbili. Ukiweza kuzirudisha silaha zote za modi mbili kwenye aina hizi nne, umemaliza kazi kubwa kuliko hiyo ya picha.

Bint_Kibodi

Namuunga mkono Risasi_Saba, na ninaongeza kwamba hilo linawezekana bila kunakili hata picha moja. Kiraka kinaweza kuunda klasi mpya (maelezo ya kitu kimoja cha mchezo katika msimbo) inayorithi silaha ya mwenzako na kubadilisha sifa moja tu, yaani unaandika kwamba silaha yako ni mtoto wa BundukiB, kisha ndani yake unataja Weapon.AmmoType kuwa "Clip". Picha, sauti na mwendo wote hubaki katika faili la mwenyewe. Faili lako linabeba mistari michache ya maandishi.

Tahadhari moja ni silaha zenye kujaza risasi. Nyingi kati ya hizo hazitegemei AmmoType peke yake. Kikasha kilichomo ndani ya bunduki ni aina moja ya risasi, akiba ya mfukoni ni aina ya pili, na hatua ya kujaza imeandikwa waziwazi «ondoa moja kwenye akiba, ongeza moja kwenye kikasha» kwa kutaja jina la akiba hiyo. Ukibadilisha AmmoType bila kuigusa hatua hiyo, bunduki itaonyesha akiba mpya kwenye skrini huku ikiitafuta ile ya zamani, na hutaweza kujaza hata siku moja. Kwa silaha za namna hiyo inabidi uandike upya hatua ya kujaza ndani ya klasi yako.

Kuhusu njia ya tatu, kaka Korido, nakuomba ufungue kwanza faili la maelezo linalokuja na kila modi. Kwenye modi za Doom kuna desturi ya miaka mingi ya kuandika kama wengine wanaruhusiwa au hawaruhusiwi kutumia yaliyomo kama msingi wa kazi yao. Ukiunganisha kwa matumizi yako nyumbani hakuna atakayekuuliza, lakini siku utakapotaka kumpa rafiki hiyo PK3, utakuwa unagawa mali ya watu. Kiraka hakina shida hiyo, kwa sababu rafiki atayapakua mafaili ya asili mwenyewe.

Mvivu_Mwenye_Akili

Ninasoma haya yote nikijiuliza kama mnacheza au mnafanya kazi ya ofisi. Ikiwa lengo ni kujaribu silaha tu, pakia mafaili yote mawili, fungua konsoli, ujipe unachokitaka kwa amri ya «give», na ukiona silaha mbili zinagombea kitufe kimoja, zipange kwa «setslot». Dakika tano zimetosha. Hata risasi utajipa mwenyewe.

Bint_Kibodi

Kwa kujaribu, nakubali kabisa, na mimi huanza hivyo kila mara. Ila kucheza ramani 32 za Doom II kwa kujipa kila kitu ni sawa na kupika na kujipakulia kabla wageni hawajakaa.

Fundi_wa_Zamani

Hakuna aliyemuuliza Korido modi zake zimeandikwa kwa lugha gani, DECORATE ya zamani au ZScript mpya, na jibu lake linaweza kufunga mjadala. Ikiwa zote mbili ni za DECORATE na zina klasi yenye jina moja, GZDoom hutoa onyo, huibadilisha jina klasi ya pili, na mchezo unaendelea, ingawa baadaye utashangaa kwa nini kiraka chako kinaita silaha usiyoitarajia. Ikiwa ni za ZScript na majina yamegongana, injini inakataa kuanza. Hapo njia ya kwanza na ya pili zimekwisha. Kilichobaki ni kufungua faili moja na kubadili jina.

La pili ni mchezaji mwenyewe. Modi kubwa, kama Brutal Doom, haziishii kwenye bunduki. Zinaleta mchezaji wao, mazimwi yao na damu yao, na silaha zao zimeandikwa zikitegemea vitu ambavyo mchezaji huyo amezaliwa navyo mfukoni. Ukimpa silaha hizo mchezaji wa modi nyingine, ama hazitafyatua au zitakwama katikati. Modi ya namna hiyo ifanye kuwa nyumba, na zile ndogo ziwe wageni, kamwe isiwe kinyume chake.

La mwisho, kama mnacheza wawili au zaidi kwa Zandronum, injini ya kucheza kwa mtandao, ZScript haimo humo, hivyo kiraka kiandikwe kwa DECORATE, na kila mchezaji awe na mafaili yale yale kwa mpangilio ule ule.

Korido_ya_Phobos

Nashukuru sana. Nimeangalia: zote mbili ni za DECORATE, na hakuna klasi zinazogongana. Nimeandika ile karatasi ya risasi, na kweli, silaha tano kati ya tisa za A zingekufa njaa. Swali langu lililobaki ni nguvu. Bunduki ya A inaua Imp (zimwi la kawaida la mwanzoni) kwa risasi mbili, lakini bastola ya B inahitaji sita. Je, nisawazishe au niache?

Risasi_Saba

Ya B ndiyo iliyo karibu na mchezo wa asili. Risasi moja ya bastola ya Doom hutoa madhara kati ya 5 na 15, na Imp ana uhai wa 60, kwa hiyo sita ni wastani halali. Bunduki ya marisau hutoa punje saba za namna hiyo, na ile ya mitutu miwili hutoa 20, ndiyo maana ramani za zamani zimepangwa kwa mwendo huo. Modi A bila shaka imeongeza nguvu kwa kuwa inakulazimisha usimame kujaza. Usiyaguse madhara, gusa uzito kwenye RandomSpawner. Silaha yenye nguvu itokee mara chache, na usiiweke mahali pa bastola wala bunduki ya marisau, kwa sababu ya kwanza ndiyo unayoanza nayo mchezo, na ya pili huachwa na mazimwi dhaifu wa mwanzoni. Iweke mahali pa bunduki ya plazma.

Korido_ya_Phobos

Ninarudi na matokeo baada ya juma moja. Nimefuata kiraka, nikaachana na SLADE isipokuwa kwa jambo moja: nimebadili jina la spraiti za SHTG katika nakala yangu ya Modi B, na glavu haivuki tena. Kiraka kizima kina mistari 140, na silaha zote zinakula aina nne za risasi. Bunduki ya A nimeihamishia kwenye plazma kwa uzito wa 1 dhidi ya 4, na katika ramani kumi za kwanza imetokea mara mbili.

Jambo dogo bado linanisumbua. Michezo niliyokuwa nimeihifadhi kabla ya kiraka haifunguki vizuri, na nadhani ni kwa sababu orodha ya mafaili imebadilika.

Fundi_wa_Zamani

Ndivyo ilivyo. Hifadhi ya zamani inataka mafaili ya zamani. Anza ramani upya, na kila unapobadilisha kiraka, kipe jina jipya lenye tarehe ili ujue hifadhi ipi ni ya kiraka kipi.