Mrejesho: betri za lithiamu, Lubumbashi hadi Nairobi

Niliuliza kama katoni za betri za lithiamu-ioni, bila vifaa vyake, zinaweza kupanda ndege ya abiria kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Haziwezi. Tangu Aprili 2016 betri za namna hiyo, zenye namba ya bidhaa hatari UN3480, zinasafiri kwa ndege ya mizigo pekee, na chaji isizidi asilimia 30. Sharti hilo la chaji naliunga mkono kabisa: betri yenye nishati kidogo ikipata joto, moto hauruki kirahisi kwenda kwa jirani yake. Wakala wa mizigo alidai pia ripoti ya UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu, muuzaji akaituma. Mzigo umeondoka. Betri zilizovimba zimebaki hapa, maana betri iliyoharibika hairuhusiwi angani. Asanteni sana, ndugu zangu.