Uzi wa malalamiko: Mwandaa safari katutoza "ada ya hifadhi" sehemu ambazo kuingia ni bure (Florida)

Wakuu, salaam. Nimenyamaza vya kutosha. Kule kwenye kundi letu la WhatsApp kila nikiuliza naambiwa "tusiaibishane, sote ndugu", kwa hiyo nimeuleta huku. Jina la jamaa sitalitaja, na mnaomjua naomba msilitaje, uzi usije ukafutwa.

Kuna Mswahili mwenzetu hapa Marekani anaandaa safari za familia kwenda Florida ya kaskazini mashariki, Jacksonville na St. Augustine, kuona hifadhi na ngome za kale. Basi na hoteli sina neno, dereva ni mstaarabu kuliko bosi wake. Ugomvi wangu uko kwenye mstari mmoja wa risiti: "Ada za hifadhi, dola 75 kwa kichwa." Kila kichwa, mpaka mwanangu wa darasa la pili. Mimi, mke, watoto wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Dola 375 hizo, mbali na nauli.

Haya, tuhesabu pamoja alizilipa wapi.

Kingsley Plantation, lile shamba la zamani la watumwa kwenye kisiwa cha Fort George: bure. Fort Matanzas: bure, na boti ya kuvuka kwenda ngomeni nayo bure, unachotakiwa ni kuwahi nafasi kwa sababu zinajaa. Yeye alisimama mbele ya basi akatutangazia kwamba boti ndiyo "imekula hela nyingi". Nikamfuata mama mmoja askari wa hifadhi kumwuliza tiketi ya boti ni kiasi gani, akanitazama kama nimemwuliza bei ya bahari. Fort Mose: kutembea uwanjani bure, makumbusho dola 2. Inabaki Castillo de San Marcos, ile ngome kubwa ya mawe ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1672. Pale dola 15 kwa mtu mzima, mwenye miaka 15 kushuka chini halipi, na tiketi unaitumia siku saba. Familia yangu nzima haifiki dola 60, hata ukitupigia bei ya juu. Zilizobaki ziko wapi?

Na hiyo Castillo yenyewe hatukuingia! Alitupeleka siku ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani mwezi Novemba, eti kwa kuwa kila mtu yuko likizo. Wakuu, Castillo inafungwa Thanksgiving na tarehe 25 Desemba, na jambo hilo limeandikwa wazi kwenye tovuti ya hifadhi. Mtu anayejiita mtaalamu wa hizi safari hakujua. Tukabaki nje na upepo wa ghuba, watoto wanauliza tunaingia lini, yeye yuko kwenye simu. Tukamwambia basi turudi kesho. "Ratiba hairuhusu." Kesho yake ratiba iliruhusu maduka ya punguzo, mchana kutwa! Nilipodai ada ya mahali nisipoingia nikajibiwa kwamba ada ikishalipwa hairudi. Imelipwa kwa nani, wakati geti lilikuwa limefungwa?

Fort Mose ndiyo imenikera kuliko hata hela. Hapo ndipo nilipotaka wanangu wakae. Mwaka 1738 gavana wa Kihispania, Manuel de Montiano, aliwapa eneo lao Waafrika waliotoroka utumwa kwenye makoloni ya Waingereza huko Carolina. Masharti yalikuwa wawe Wakatoliki na watumike kwenye jeshi la mgambo. Kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka wa Afrika Magharibi aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kwamba waliotoroka walikimbilia kaskazini. Hawa walikimbilia kusini, wakavuka vinamasi, na 1740 wakapigana na Waingereza waliokuwa wameikalia ngome yao. Sasa kuna mfano wa ngome hiyo uliojengwa upya, umefunguliwa 2025. Kijana wangu mkubwa yuko kwenye kibao cha pili, anasoma kwa sauti, honi hiyo. "Jamani tunachelewa!" Tunachelewa kwenda wapi? Kula. Makumbusho hatukuyaona, na ile dola 2 sijui iko mfukoni mwa nani.

Kingsley tulipata nafasi kidogo, tena kwa bahati, kwa sababu barabara ya kule ndani ni mbovu na dereva alikataa kuikimbiza. Zile nyumba za watumwa zimepangwa kama nusu duara. Zilikuwa 32, magofu 25 bado yamesimama. Kuta zake ni chokaa iliyochomwa kutokana na makombe ya chaza, ikachanganywa na mchanga na makombe mazima, unayaona yamejitokeza ukutani. Mama mkwe alipitisha kidole, akasema hawa watu wamejenga kama magofu yetu ya Tongoni, sema sisi ni matumbawe. Mwongozaji wetu, anayelipwa kuongoza, alikuwa kivulini anahesabu watu wa chakula. Huyu huyu ndiye aliyetuambia Castillo ilijengwa na Waingereza. Waingereza waliikuta imekwisha, wakapewa pamoja na Florida nzima kwa mkataba wa 1763.

Jibu lake la mwisho kwangu: "Ile siyo ada ya geti, mnalipia maarifa yangu." Basi aandike hivyo kwenye risiti. Aandike "maarifa, dola 75" tuone nani atalipa.

Ninachotaka ni hela ya ada ya watu watano irudi, ukitoa alichokilipa kweli kwa risiti ya hifadhi, siyo ya kwake. Wengine mliokuwa kwenye basi lile wekeni risiti zenu hapa, fichieni majina. Na kama kuna mtu anajua utaratibu wa kumpeleka mahakama ya madai madogo mtu anayeishi jimbo jingine, anielekeze.

Kuna tangazo jipya analisambaza tangu jana, "Krismasi na Familia St. Augustine", ada za hifadhi zimepanda kuwa dola 90. Ratiba inasema tarehe 25 Desemba, saa nne asubuhi, kuingia Castillo.